Mizizi ya Dalia Kwenye Stoo ya Viazi

Jalidi ya kwanza iliingia kitongojini kwetu, Achterheide, Jumanne alfajiri. Nilipotoka kwenda misa, nyasi zilikuwa nyeupe na zinalia chini ya viatu. Niliporudi jua lilikuwa limetoka, na dalia zote, maua ya kitongoji chetu, zilikuwa nyeusi, zimelegea kama mboga iliyosahaulika jikoni. Hakuna aliyesikitika. Kwetu jalidi ni kengele. Ikishapiga, mizizi ya dalia inatakiwa itoke ardhini, maana ikibaki humo baridi itaiua.

Shamba la maua la kitongoji liko nyuma ya kikanisa. Kila familia ina safu zake na rangi yake. Jumapili ya kwanza ya Septemba vitongoji ishirini hushindana kwa magari ya maua. Magari hayo yanasukumwa na watu, na yamefunikwa dalia toka juu mpaka chini, ua moja moja, kwa mkono. Mtu wa huku anaweza kukosa harusi ya binamu yake. Gari la maua hakosi.

Familia ya Verhagen ilitunza zambarau iliyokolea, karibu nyeusi. Mama yake Drieka Verhagen ndiye aliyeiotesha kutoka kwenye mbegu zake mwenyewe, na rangi ile haikuwa kwa mtu mwingine yeyote. Mama huyo sasa yuko makaburini. Drieka alibaki na mashina mia mbili.

Mwaka jana yalichipua sitini. Mwaka huu yalichipua kumi na mawili.

Gari letu lilikuwa na umbo la farasi. Shingo yake ilitakiwa iwe zambarau. Maua hayakutosha, tukaziba kwa njano, na watu wa kitongoji jirani wakauliza kama farasi wetu ana upele. Tulikuwa wa kumi na nane. Siku ya kubomoa gari, ndani ya hema lake, Fons, mwenyekiti wetu, alisema mbele ya watu wote, "Drieka, nakuheshimu. Lakini mwezi wa sita nitakuja kuhesabu. Nisipokuta machipukizi thelathini, safu zile nampa mtu mwingine, apande rangi anayojua kuitunza."

Drieka alikuwa anang'oa misumari kwenye mbao. Aliing'oa kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Basi, wiki moja baada ya jalidi, nilikwenda kwao kuchukua mayai. Mimi ni jirani yao, nyumba zetu zinatazamana. Getini nilipishana na Marinus, mume wa Drieka, anayeendesha lori la maziwa. Alikuwa anatembea haraka na kipande cha mkate mkononi.

"Usiingie, shangazi Wies," aliniambia. "Humo ndani kuna vita."

Nikaingia.

Bandani alikuwepo mzee Nol, baba yake Marinus, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Nol amelima viazi toka utoto, na toka mama yake Drieka afe, yeye ndiye aliyehifadhi mizizi ya dalia. Mbele yake yalikuwepo mashina yale kumi na mawili ya dalia, yamechimbwa asubuhi hiyo. Alinyanyua moja kwa kulishika bua, akalikung'uta, kisha akaikata mizizi yake kwa kisu, mmoja mmoja, kama mtu anayekata karoti za supu. Pembeni ilikuwepo mifuko ya nailoni ya chakula cha nguruwe.

Drieka alikuwa amesimama mlangoni na koleo mkononi.

"Baba, weka kisu chini."

"Nimebakiza manane tu."

"Nimesema weka chini."

"Binti, mimi nimekata mbegu za viazi miaka hamsini. Unakata, unapanda, kinaota. Hata kuku anajua."

"Na dalia umeziua miaka miwili. Hilo kuku anajua?"

"Zimekufa kwa sababu ya mvua."

"Mvua ilinyesha kwangu peke yangu? Kwa Fons haikunyesha?"

Nol alikata mzizi mwingine. Hakumtazama. Nikaona hawezi kuacha tena, maana akiacha atakuwa amekubali. Wanaume wengi nimewaona hivyo. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa hivyohivyo kwenye karata.

Nikasema, "Nol, huo uliokata sasa hivi hauna jicho. Hautaota hata ukiupanda peponi."

Drieka alinigeukia polepole.

"Umejuaje, shangazi?"

"Nilitoka shule ya msingi nikaenda kusafisha mizizi kwenye shamba la maua. Nimefanya kazi hiyo miaka thelathini na moja."

"Na mifuko hii?"

"Hiyo ndiyo mibaya kuliko kisu."

"Wewe unatupita kila asubuhi ukienda kanisani. Dirisha la banda liko barabarani." Aliweka koleo chini, taratibu sana. "Mifuko hii uliiona lini kwa mara ya kwanza?"

Ningeweza kudanganya. "Mwaka juzi," nilisema.

"Mwaka juzi."

"Ndiyo."

"Ukaona mizizi ya mama yangu inafungwa kwenye nailoni, ukapita."

"Nilijua Nol hapendi kuelekezwa. Nikasema si nyumba yangu."

"Uliniombea, angalau?"

"Kila siku, Drieka. Niliomba zambarau ile isipotee."

Uso wake ulikuwa mwekundu hadi masikioni. Sauti yake ilikuwa chini, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Mungu alikuwa anajua tayari. Mimi ndiye nilikuwa sijui. Ungevuka barabara. Hatua ishirini tu, shangazi. Magoti yako yanafika kanisani, hapa hayafiki?"

Alisema kweli, na ilinichoma. Nilimkasirikia yeye kwa kusema, nikamkasirikia Nol kwa kusikia. Nilijikasirikia mimi kuliko wote.

"Kisu kingine kiko wapi?" niliuliza.

"Cha nini?"

"Nimevuka barabara. Nipe kisu."

Nol alicheka puani. Drieka alimtazama, na mzee akaacha kucheka.

Niliokota mzizi uliokatwa na kiazi mviringo kimoja kutoka kwenye gunia, nikaviweka pamoja kwenye kiganja. "Tazama, Nol. Kiazi chako kina macho mwili mzima. Ukikikata popote utapata jicho. Dalia haiko hivyo. Huu mwili mnene ni ghala la chakula tu. Macho yako hapa juu, kwenye kitako cha bua, pale shingo za mizizi zinapokutana. Kipande kinachoota lazima kiwe na vitu vitatu: mwili, shingo isiyovunjika, na kipande cha kitako chenye jicho. Kikikosa kimoja, umepanda chakula cha minyoo."

"Mimi sioni jicho lolote," alisema Nol.

"Huwezi kuliona vizuri sasa. Miezi hii yamelala. Ndiyo maana asiyezoea asikate sasa. Ahifadhi shina zima, akate mwezi wa tatu, macho yakiwa yameanza kuvimba kama vipele vyekundu."

"Na kubeba je?" aliuliza Drieka. Bado alikuwa na hasira, lakini alikuwa anasikiliza.

"Usishike bua. Uzito wa mizizi unavunja shingo, na shingo ikivunjika umekwisha. Kata bua libaki urefu wa kiganja. Chimba kwa uma wa bustani, mbali na bua, kuzunguka pande zote. Kisha ingiza mikono chini na ulinyanyue kama unavyonyanyua mtoto mchanga."

Nol alikuwa amekwisha kukata mashina manne. Tulichambua vipande vyake juu ya meza, Drieka na mimi. Vilikuwa thelathini na kimoja. Vilivyobeba kitako vilikuwa vitano. Drieka alivihesabu mara mbili, akavisukuma vile vingine vyote mbele ya mkwe wake.

"Hivi ishirini na sita ni mama yangu," alisema. "Vitazame."

Mzee alivitazama. Kisha akafunga kisu na kukitia mfukoni.

Tulibakiwa na mashina manane mazima na vile vipande vitano. Tuliyageuza mashina kichwa chini juu ya magazeti, ili maji yatoke kwenye mabua, maana bua la dalia lina uwazi ndani na maji yakituama humo kitako kinaoza. Tuliyaacha siku nne bandani, penye hewa, pasipo jua wala jalidi. Vile vipande tulivianika hadi majeraha ya kisu yakakauka.

Siku ya tano vita vikaanza upya.

"Zamani mizizi mliiweka wapi?" niliuliza.

"Darini, juu ya nguruwe," alisema Nol. "Kuna joto zuri."

"Joto zuri kwa nguruwe. Mizizi inatoa jasho, nailoni inalizuia, inaoza. Ile iliyo nje ya mfuko inakauka mpaka inakunjamana. Dalia inataka giza, hewa, na baridi isiyogandisha. Nyuzi nne hadi nane." Nikamtazama. "Mahali kama stoo yako ya viazi."

Stoo ile iko chini ya nyumba. Nol ameitunza toka kifo cha baba yake. Ina kipimajoto ukutani, na kila asubuhi anashuka kukisoma kabla ya kahawa. Hata Marinus haingii bila ruhusa.

"Stoo ni ya viazi," alisema Nol.

"Baba."

"Viazi tunakula. Maua hatuli."

"Na hivyo viazi nani anavipika?" alisema Drieka. "Nimekupikia viazi vyako miaka kumi na sita. Sijakuomba kitu. Naomba kona moja. Ukikataa, leo jioni utavimenya mwenyewe na utavipika mwenyewe, na kesho pia, mpaka Pasaka."

Nol alinigeukia kana kwamba mimi ningemtetea. Nikatazama dari.

"Kona ya kushoto," alisema mwishowe. "Na msiguse kipimajoto."

Tulitandika magazeti ndani ya kreti za mbao. Tukamwaga maranda yenye unyevu kidogo tu. Ukiyakamua mkononi yasitoe tone. Tukapanga mashina yasigusane, tukayafunika kwa maranda mengine, na kila kreti tukaifungia kibati chenye jina la rangi na tarehe. Hatukufunga nailoni juu.

"Sasa tunasahau mpaka mwezi wa tatu," alisema Nol.

"Hapana. Mara moja kwa mwezi unafungua na kutazama. Unaooza unautoa na kuutupa, usiambukize wenzake. Unaokunjamana unaunyunyizia maji kidogo."

Drieka hakunisemesha majira yale yote ya baridi, zaidi ya habari ya mizizi. Kanisani alikaa benchi la nyuma yangu na kunipa mkono wa amani kwa ncha za vidole. Sikumlaumu. Niliungama kwa padri kwamba niliona na nikanyamaza. Aliniambia nisali, na niende tena kule bandani. Nikaenda kila mwezi.

Januari shina moja lililainika, likanuka. Nol ndiye aliyelikuta, kabla yetu, maana kumbe alikuwa anafungua kreti kila asubuhi, akishasoma kipimajoto. Alikuwa amelitoa na kuyatupa maranda yaliyoligusa.

"Mara moja kwa mwezi, nilisema."

"Viazi natazama kila siku," alijibu. "Haya yana dhambi gani?"

Mwezi wa tatu tulileta mashina saba kwenye mwanga. Macho yalikuwepo, madogo, ya rangi ya waridi, kwenye kitako, palepale niliposema. Nol alivaa miwani, akainama, akakaa hivyo muda mrefu. Tulikata kwa kisu kikali, tukikifuta kwa spiriti kila tulipomaliza shina moja, ili ugonjwa usihame. Kila kipande kilikuwa na mwili, shingo na jicho. Kila Nol alipotaka kukata, Drieka alisema, "Jicho liko wapi?" na hakumruhusu mpaka alionyeshe kwa kidole. Tulipata vipande ishirini na tisa. Pamoja na vile vitano, thelathini na vinne.

Tulipanda katikati ya mwezi wa tano, sikukuu za watakatifu wa barafu zilipopita, maana kabla yao jalidi bado inaweza kurudi.

Mwezi wa sita Fons alikuja na daftari. Drieka alitembea naye safu nzima, mikono nyuma. Thelathini na tatu yalikuwa yamechipua. Fons alifunga daftari.

"Safu ni zako," alisema. "Samahani kwa maneno ya hemani."

"Maneno yalikuwa sawa," alisema Drieka. "Ungeniambia pembeni, si mbele ya watu. Na mwenzako mmoja alipaswa kuniambia kabla yako." Hakunitazama. Lakini alijua niko uzioni.

Septemba gari letu lilikuwa jogoo. Zambarau ilitosha mkia. Tulikuwa wa saba.

Jalidi ya mwaka huo ilikuja mapema. Tulichimba pamoja, mimi, Drieka na Nol. Nilikuwa nimechoka, mgongo unauma. Nikashika bua la shina moja ili nilinyanyue upesi.

"Shangazi Wies." Sauti ya Drieka ilipasua shamba zima. "Hilo bua. Umelewa?"

Watu wa safu nyingine waligeuka kunitazama. Nol alifurahi waziwazi.

Nililiachia bua. Nikapiga magoti kwenye udongo wa baridi, nikaingiza mikono chini ya shina kama inavyotakiwa. Drieka alipiga magoti upande wa pili, akaingiza yake, na tukalinyanyua pamoja.