Makofi kwa Mama Goodness

Mimi Zuwena sina dogo. Nina kibanda cha kuwekea watu filamu kwenye flashi, karibu na stendi ya Babati, na mtu akiniuliza filamu fulani ni kali au mbovu namwambia ukweli, akitaka anune. Kwa hiyo mji mzima ulipokuwa unaisifia filamu ya kutisha ya Elibariki, mimi nilisema inanitia kichefuchefu.

Walinicheka. Redioni wakasema Manyara haijawahi kutoa kitu kama kile. Vijana wakaandika kwenye status: "Yule mama anaigiza balaa!" Mama mwenyewe ni Skolastika, mke wa Elibariki, tunamwita Mama Goodness. Filamu yote ni yeye tu, ndani ya nyumba yake, anasikia sauti ya binti yake aliyekufa ikimwita kutoka ukutani. Na Goodness alikuwa amekufa kweli, nimonia, hata udongo wa kaburi haujashuka. Sasa mwanaume gani anamwigizisha mke wake msiba wake mwenyewe?

Jioni moja, jua likizama, nilikwenda Singe na kidumu changu kufuata maziwa. Nikapita mbele ya nyumba yao. Mlango ulikuwa wazi, ndani giza.

"Zuwena..."

Alikuwa Mama Goodness, amesimama mlangoni, kakonda mpaka nguo zinampwaya.

"Shikamoo, Mama Goodness."

Hakuitikia. "Nasikia wewe umeikataa ile filamu," alinong'ona.

"Nimeikataa, ndiyo."

"Sikuigiza, Zuwena." Akanishika mkono, akaniingiza ndani. "Sikujua kuna kamera. Nilijua mwanangu ananiita."

Nilimtukana Elibariki tusi ambalo marehemu mama yangu angelisikia angefufuka anichape. Kumbe alimrekodi mtoto akiwa mahututi, kisha akaficha spika ukutani, akamchukua mke wake picha akichanganyikiwa. Mama Goodness alijua siku majirani walipokuja kumpongeza.

"Sasa watu wanataka sehemu ya pili," akasema. "Na ile sauti imeanza tena."

"Basi ondoka! Twende kwangu, sasa hivi. Ukibaki humu utakufa."

Akakubali kwa kichwa. Nikamvalisha viatu. Tukafika mlangoni...

"Mama... nifungulie..."

Sauti ya mtoto. Na harufu ya dawa ya kikohozi, ile tamu ya watoto, ikajaa chumba kizima.

Mama Goodness akaganda. Nikawasha tochi ya simu, nikaona tofali limelegea. Nikalivuta. Spika hiyo hapo! Nikaibamiza sakafuni, nikaikanyaga mpaka ikawa vipande.

"Umeona? Ni mashine tu. Twende zetu."

Nikamshika mkono tutoke.

Halafu, kwenye tundu lile lile...

"Mama... huyu ni nani?"

Kidumu kikanidondoka. Nikageuka, nikamwona Elibariki nyuma ya pazia, simu mkononi, anarekodi. Jasho linamtiririka, meno yanagongana.

"Haki ya Mungu, Zuwena," akanong'ona, "hiyo sikuirekodi mimi."

Lakini simu hakuishusha. Shetani mkubwa yule!

Nikamvuta Mama Goodness. Akanisukuma, akaketi chini, akaegemeza shavu ukutani, na kwa mara ya kwanza nikamwona anatabasamu.

"Nipo, mwanangu. Mama haendi popote."

Nilikimbia mpaka viatu vikanitoka. Wewe ungekaa? Nilirudi na mjumbe na majirani, tukambembeleza, tukamkokota, akawa anarudi pale pale. Akagoma kula. Alisema akitafuna hasikii vizuri. Haikupita muda mrefu tukamzika kando ya binti yake, na Elibariki akarekodi mazishi.

Sehemu ya pili ikatoka. Nilikwenda kuiona ukumbini Maisaka, nikiwa nimeapa kwamba sauti ile ikiwemo nitawasimulia wote palepale. Watu walijaa mpaka madirishani. Nilipotokea mimi nikikanyaga spika, walicheka hadi wakapigapiga mabenchi. Mama Goodness alipoegemea ukuta, mtu akapaza sauti, "Tuzo apewe huyu mama!" Kaburi lilipoonyeshwa, wakapiga miluzi.

Ile sauti ya mwisho haikuwemo. Mama wa watu alikuwa anaongea na ukuta mtupu. Nikashusha pumzi, nikasema alhamdulillah, hata kama ni uchawi basi umeishia Singe.

Ndipo nikanusa dawa ya kikohozi.

Nyuma yangu aliketi Josephine, muuza maharage wa sokoni, aliyezika mwanawe Romani mwaka huu huu. Akainuka taratibu.

"Romani?"

Watu wakageuka.

"Romani, baba, uko wapi? Sema tena, mama anakusikia..."

Akapita katikati ya magoti ya watu, akafika mbele, picha ikamwangukia usoni, akaanza kuupapasa ukuta kwa viganja vyote viwili. Nilipiga kelele wazime! Jamani, zimeni! Nani anisikilize mimi, yule mjinga wa kwenye filamu aliyekimbia akaacha viatu?

"Hawa watu ni wakali," kijana wa pembeni yangu akasema. "Wameleta mpaka waigizaji humu ndani."

Ukumbi mzima ukasimama, ukampigia Josephine makofi.