Tundu la Sita

Jua lilikuwa limebakiza kimo cha mtu kugusa ardhi wakati Orrin Tveit alipopanga bastola saba nyuma ya pikapu, akazifunika kwa blanketi, akaondoka kwenda kuchagua moja.

Alikuwa na miaka sabini na moja, mgane wa miezi minane. Binti yake Janelle alikuwa amemtaka ahamie kwake mjini kabla theluji haijafunga barabara za Montana, na alikuwa amempa sharti moja. Bastola moja tu, ndani ya sanduku la chuma, na ufunguo ukae shingoni mwa Janelle. Nyumbani kwake kulikuwa na Britta, mtoto wa miaka mitano, ambaye hakuna kilichofungwa asichojaribu kukifungua. Orrin hakubisha. Angekuwa yeye ndiye mzazi, angeweka sharti hilohilo.

Hakuwa mwindaji wala askari. Kwa miaka arobaini alilenga shabaha kwa kujifurahisha tu, kila Jumamosi, katika shimo la kokoto nyuma ya mashamba ya shayiri, pamoja na mkewe Ardis. Bastola zao zote zilikuwa za mtindo wa kizamani, zenye gurudumu la matundu sita. Bastola hizo zina ila moja: nyundo hulalia risasi, na bastola ikianguka chini inaweza kulipuka yenyewe. Kwa hiyo watu wa kule hujaza matundu matano na kuliacha la sita tupu, chini ya nyundo. Hufundishwa hivyo wakiwa wadogo, kabla hawajafundishwa kuendesha trekta.

Orrin alikuwa na tabia ya kupotea katika hesabu. Ndiyo maana Ardis alizoea kukaa nyuma yake kwenye kiti cha kukunja, chupa ya kahawa mapajani, akihesabu. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Kisha alisema neno moja, kwa sauti ya mtu anayefunga mlango taratibu.

"Basi."

Na Orrin alishusha mkono.

Tangu Februari hapakuwa na wa kumwambia basi.

Lyle Skogen, fundi wa bunduki na rafiki yake tangu shule, alikuwa amekwisha kufika shimoni. Yeye ndiye angechukua zile sita zitakazobaki. Alimtazama Orrin akizipanga juu ya ubao, akizisogeza hivi na hivi, akazirudisha zilipokuwa.

"Unachagua bastola au mke wa pili, bwana?"

Neno lilikuwa limekwisha kutoka. Lyle alivua kofia, akaitazama ndani kana kwamba kuna kitu alikidondosha humo. Orrin alimwambia aivae, kuna baridi.

Walianza. Kila bastola ilipewa risasi tano, na shabaha ilikuwa bamba la chuma lililoning'inizwa kwa minyororo, hatua thelathini mbele. Lyle alisifu ile yenye mtutu mrefu, akaiponda ile ya nikeli, akasema inafaa kuning'inizwa ukutani kwa wapenda vioo. Mwisho alikaza ushauri wake kwenye ndogo kuliko zote. Risasi zake bei ya karanga, alisema, haina kishindo, na mkono wa Orrin siku hizi unatetemeka, asijifanye hilo halionekani.

"Unatetemeka kwa kahawa yako," Orrin alisema. "Ile si kahawa, ni lami."

Lakini aliona ni kweli. Ndogo ndiyo ingefaa. Aliiweka kando, na kwa mara ya kwanza siku hiyo kifua chake kikalegea.

Ilibaki moja tu. Ya Ardis.

Mpini wake ulikuwa wa pembe, umekuwa wa manjano kwa mikono ya watu. Ardis aliinunua miaka mitatu nyuma, siku vitu vya marehemu Gunhild Moe viliponadiwa shambani kwake. Binti wa Gunhild alimkabidhi akiwa ameifunga kwa taulo, akasema tu kwamba haipendi kuachwa peke yake. Ardis alicheka njia nzima. Orrin hakuwa na nia ya kuibakiza. Kuishika kulikuwa kama kuushika mkono wa Ardis siku ile ya mwisho, ukiwa umepoa.

"Iache," Lyle alisema. "Hujalazimishwa."

Orrin aliona aibu kuiogopa. Alijaza matundu matano. Lyle alihesabu kwa kidole, kama ilivyo desturi ya mashahidi shimoni. La sita waliliinua kwenye mwanga, wakaona anga kupitia humo. Walivaa vifuniko vya masikio.

Moja. Bamba likalia.

Mbili. Tatu. Nne.

Tano.

Orrin alishusha mkono mwenyewe. Aliiweka bastola ubaoni, mdomo wake ukielekea ukuta wa kokoto, akarudi nyuma hatua tatu. Upepo ulikuwa umekufa. Alisikia harufu, na haikuwa ya baruti. Ilikuwa harufu ya dawa ya kafuri, ile ambayo Ardis alijipaka vidoleni kila jioni.

Kisha sauti ikaja. Haikutoka nyuma, ilipokuwa ikitoka zamani. Ilitoka ndani ya kifuniko cha sikio, karibu kuliko kitambaa cha kifuniko chenyewe.

"Bado..."

Na bamba likalia.

Hapakuwa na mlipuko. Hapakuwa na moshi. Bamba lilikuwa likicheza kwenye minyororo yake, mbele na nyuma, mbele na nyuma.

Lyle alivua vifuniko. Uso wake ulikuwa umegeuka rangi ya unga.

"Uliweka ngapi?"

"Tano. Si ulihesabu?"

"Nilihesabu."

Lyle aliifungua kwa ncha za vidole. Maganda matano. Aliligeuza gurudumu. Tundu la sita lilikuwa jeusi kwa masizi, na alipoligusa aliuvuta mkono haraka. Lilikuwa la moto kuliko mengine yote.

Lyle aliifunga katika blanketi, akasema kwamba hatamuuzia mtu kitu kama hicho. Kesho asubuhi ataikata vipande kwa moto wa gesi. Orrin alimshukuru. Aliitia ile ndogo kwenye sanduku la chuma, akaijaribu kufuli mara mbili, akarudi nyumbani ambako kila kitu kilikuwa ndani ya maboksi.

Siku ya pili, saa tisa alasiri, alikuwa mezani kwa Janelle. Alikuwa amelifungua sanduku mbele yake kabla ya kuvua koti. Alitaka aone mwenyewe. Ndani mlikuwa na ile ndogo, safi, tupu, matundu sita yakipitisha mwanga. Si nyingine. Janelle aliifungia kabatini ukumbini, akautia ufunguo kwenye mkufu wake, akambusu kichwani.

"Asante, Baba. Najua haikuwa rahisi."

Orrin alisema ilikuwa rahisi. Alikuwa akipaka siagi kwenye mkate mwembamba wa viazi, mkate ambao Ardis alizoea kuuoka, simu ilipolia.

Alikuwa Lyle. Alisema ameikata, vipande vitatu, na alipoondoa mpini wa pembe ili usiungue alikuta chini yake ukanda wa karatasi, mwembamba kama utambi, umekunjwa. Juu yake palikuwa na majina, kila moja na mwandiko wake. Mawili ya kwanza hakuyajua. La tatu lilikuwa la mume wa Gunhild Moe, aliyemtangulia kaburini. La nne, Gunhild mwenyewe.

"Na la tano?" Orrin aliuliza, ingawa mkono wake ulikuwa umekwisha kuweka kisu chini.

"Ni mwandiko wa Ardis, Orrin. Nimeletewa kadi zake za Krismasi miaka thelathini, siwezi kukosea. Labda alikuta wenzake wameandika akaona ni desturi ya wenye bastola. Unamjua, alipenda desturi."

"Mangapi kwa jumla?"

"Matano. Chini pana nafasi ya moja. Sikiliza... si hilo lililonifanya nipige." Lyle alishusha sauti. "Karatasi niliiweka chini ya kikombe changu. Nikaenda kufunga mtungi wa gesi. Nimerudi, kikombe kipo. Nimefagia karakana yote, bwana. Haipo."

Orrin hakumbuki kama aliaga. Anakumbuka kwamba nyumba ilikuwa kimya, kimya cha nyumba yenye mtoto anayefanya jambo. Janelle alikuwa jikoni, maji yakitiririka. Orrin aliinuka akaenda ukumbini.

Britta alikuwa amelala kifudifudi sakafuni mbele ya kabati, ulimi nje kwa bidii, kalamu ya nta mkononi. Mlango ulikuwa umefungwa na kufuli iko mahali pake.

"Unafanya nini, mama?"

"Mwalimu kasema tuandike majina yetu kila siku." Hakuinua kichwa. "Nimepata karatasi, Babu. Ilikuwa chini ya mlango, inatokeza. Bibi amesema niandike hapa mwisho, ndiyo pangu."

"Bibi yupi?"

Britta alimtazama kama anavyotazamwa mtu anayeuliza rangi ya maziwa.

"Bibi yetu. Yumo humo kabatini."

Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa masizi. Alikuwa anamalizia herufi ya mwisho, ile a, akiizungusha polepole, mkia wake ukikaribia kufunga. Orrin aliunyakua ukanda ule. Ukajikunja wenyewe kiganjani mwake, ukiwa na joto. Alichelewa. Herufi zilikuwa sita, zimepinda, zimekamilika.

Ukumbi ulijaa harufu ya kafuri.

Alimbeba mtoto kwa mkono mmoja, akaweka kiganja cha mkono mwingine juu ya mlango wa kabati. Alijaribu kukumbuka sauti hasa iliyokuwa ikitumika, ile ya mtu anayefunga mlango taratibu.

"Basi," alisema.

Ndani hamkusikika kitu.

"Basi, Ardis."

Jioni hiyohiyo aliuchoma ukanda, na Lyle akaja na gari akaichukua ile ndogo. Kabati sasa lina makoti ya baridi tu. Britta ni mzima, anacheka, ameota meno mapya mawili. Lakini kila siku jua likibakiza kimo cha mtu, Orrin huacha anachofanya, husimama mbele ya mlango ule na kusema neno lile moja. Kisha hutega sikio, mkono juu ya mbao.

Mara nyingi hakuna jibu.