Kikombe Kisichorudi

Kila asubuhi kabla ya kengele, Nimia hupita ukingoni kusoma kimo cha mto kwenye nguzo yenye alama, kisha hukimbilia shule akiirudia namba ile mdomoni asije akaisahau. Wiki hiyo namba ilipanda kila siku. Watu wa mtaa wa bondeni waliujua vyema mto Paraguai, maana mafuriko yaliyopita yaliwakuta wamelala. Bibi Petrona, bibi yake Nimia, aliokoa redio na kuku mmoja tu, na familia nzima ikaishi miezi kadhaa katika kibanda cha mabati kwenye uwanja wa kanisa.

Ndiyo sababu wanafunzi wa chama cha kompyuta waliamua kutengeneza programu ya kuwaonya majirani kwa simu. Nimia aliandika funksheni, yaani kipande cha programu kinachopokea kimo cha maji, kukipima, na kutoa jibu: “Kaeni” au “Hameni”. Sehemu nyingine ya programu ingelichukua jibu hilo na kulituma. Leo alasiri kamati ya mtaa ingekutana kuamua kama itaitegemea au la.

Lakini jaribio la jana, kwa namba kubwa ya kubuni, lilikuwa aibu tupu. Kwenye kioo cha kompyuta jibu lilionekana wazi: “Hameni”. Kwenye simu za watu ujumbe ulifika hivi: “Habari ya mto: None.” None ndilo neno ambalo Python, lugha waliyoandikia programu, hutoa pale pasipo na kitu. Asubuhi Nimia alikuta wenzake wamekwisha kumbatiza.

“Dada None, shikamoo,” Osmar, aliyeketi naye dawati moja, alimsalimu kwa heshima ya kejeli. “Leo mto unasemaje? Hausemi?”

Nimia alikagua mstari baada ya mstari. Namba zilikuwa sahihi, nafasi za mwanzo wa mistari zimelingana, hakuna herufi iliyokosewa. Alijaribu tena: None. Akajaribu tena, macho yakimlengalenga machozi: None. Hata Osmar akamwonea huruma. Akamwinamia na kumnong'oneza.

“Si uandike tu ‘Hameni’ mwenyewe kwenye ujumbe? Nani atachungulia humo ndani?”

Nimia akaliandika. Ujumbe ukafika safi kwenye simu ya Mwalimu Lorenza, mlezi wa chama, naye akampigia makofi mbele ya darasa. Nimia alitamani ardhi immeze. Alijua kwamba programu ile sasa ingesema “Hameni” hata mto ukikauka. Watu wangehama bure mara ya kwanza, wangehama mara ya pili, na siku ya maji yenyewe wasingeamini tena.

Nyumbani aliuacha muhogo sahanini. Baada ya chakula walikaa kivulini kunywa tereré, na yeye, akiwa mdogo kuliko wote, ndiye aliyehudumia. Humimina maji ya barafu juu ya majani katika kikombe cha pembe na kumpa mtu. Mtu hunywa kwa mrija, kisha hukirudisha kwake ili amjazie mwingine. Kikombe kilipomfikia Mjomba Cirilo, kikakwama. Mjomba alikwisha kunywa, lakini alikishika kifuani akisimulia habari za samaki aliyemponyoka. Wote walimsikia. Wote walikuwa na kiu.

“Cirilo,” Bibi Petrona akasema, “samaki wako tumemsikia. Sasa kikombe kirudi kwa mtoto, au unataka tunywe maneno?”

Jagi likatulia hewani mkononi mwa Nimia. Funksheni yake ilikuwa Mjomba Cirilo mtupu. Ilitangaza jibu kwa sauti, kila mtu akaliona kwenye kioo, lakini haikumrudishia chochote yule aliyekuwa akingoja. Akaweka jagi chini na kutimua mbio hadi shuleni.

Alimkuta Mwalimu Lorenza akijiandaa kwenda mkutanoni.

“Mwalimu, ile ya asubuhi haikuwa kweli,” alisema akitweta. “Niliandika jibu kwa mkono wangu.”

Mwalimu alimvutia kiti. Nimia akafuta alichokighushi. Kisha mwishoni mwa funksheni, mahali pa print, amri ya kuonyesha kwenye kioo, akaandika return, amri ya kurudisha jibu. Akaingiza namba ndogo: simu ya mwalimu ikapokea “Kaeni”. Akaingiza namba ya asubuhi ile, aliyoisoma mwenyewe kwenye nguzo. Simu ikalia tena: “Hameni”.

Wakatazamana. Safari hii lilikuwa jibu la mto wenyewe.

“Ile None ilikutia aibu,” Mwalimu Lorenza alisema polepole, “lakini ilikuwa ikikwambia ukweli, kwamba hakuna kilichorudi. Neno ulilolighushi lilipendeza, nalo lingetuua. Kosa linaloonekana hutengenezeka, mwanangu. Lililofichwa hungoja watu walale.”

Mkutanoni Nimia alieleza yote, hata udanganyifu wake. Mikono ya wanakamati ikainuka kukubali, mmoja baada ya mwingine. Ujumbe ukatumwa.

Jua lilikuwa bado juu Bibi Petrona alipoanza kufunga mizigo. Safari hii alichukua redio, magodoro, picha za marehemu mumewe, na kuku wote. Kikombe cha tereré alimkabidhi Nimia akibebe.