Mzee wa Mbuzi na Mlango wa Wambeti

"Mimi huyo mzee ningemfungia mlango," Wambeti aliiambia simu yake. "Yeye pamoja na huyo mtoto wake. Miaka yote mwanamke anakupikia, unakula, unapangusa mdomo, kumbe una mtoto kwingine? Theluji ni nzuri, milima ni mizuri, lakini wale mbuzi wako na minyoo, angalieni manyoya. Hayo ndiyo maoni yangu."

Akaituma sauti hiyo kwenye kundi la wapenda filamu wa Runyenjes, kisha akarudi kumhudumia mteja aliyetaka dawa ya kupe.

Kazi yake ilikuwa kuuza mbegu na dawa za mifugo, ila mjini alijulikana kwa maoni yake. Hakuna filamu iliyopita bila kuhukumiwa. Jambazi akipiga risasi mfululizo bila kujaza bastola, Wambeti atasema. Bibi harusi akikimbia kwenye mvua na nywele zibaki kavu, Wambeti atauliza ni mafuta gani hayo, na yeye ayatafute.

Filamu zenyewe alizitoa kwa Ndwiga, mchumba wake. Ndwiga alichukua filamu za ng'ambo, akaweka sauti yake juu na kuzisimulia kwa Kiswahili cha Embu, huku akiwabandika wageni wa watu majina ya hapa nyumbani. Mchina akawa Njiru, Mrusi akawa Ndambiri, na watu wakacheka hadi machozi. Hii ya mwisho ilikuwa ya kweli, si ya kuigiza: mzee na mkewe wanafuga mbuzi mlimani. Jumamosi hiyo wazee wa kina Ndwiga walikuwa waje kumposa Wambeti.

Jioni ujumbe ukaingia: "Jumamosi tusikuje kwanza. Samahani."

Akampigia palepale.

"Ndwiga, kuna nini?"

"Hakuna kitu. Wazee wako na shughuli."

"Wote? Siku moja?"

"Ni hivyo tu, Wambeti. Tutaongea."

Simu ikakatwa. Mwingine angelia, na yeye machozi yalimlenga, nisiwadanganye. Lakini udadisi wake ulikuwa mkubwa kuliko machozi. Asubuhi mtu alikuwa akimuuliza wazee wapikiwe nini, na jioni hataki kuja. Katikati ya hapo kulipita nini? Kulipita maoni yake juu ya mzee wa mbuzi, basi.

Akaenda kwa Lorna, rafiki yake mwalimu, aliyekuwa na filamu ileile bila sauti ya Ndwiga, ina maandishi ya tafsiri chini.

"Simamisha hapo," Wambeti akasema. "Hapo ndipo mzee anamwambia mkewe kuhusu mtoto wake. Soma."

Lorna akasoma. "Anasema nyasi kavu haitatosha mwaka huu."

"Rudisha nyuma."

Lorna akarudisha. "Nyasi, Wambeti. Nyasi na theluji."

"Na yule mtoto mwenyewe, Marigu?"

"Huyo ni wa jirani, ameleta maziwa. Hata jina hakupewa. Kwani Ndwiga alisema nini?"

Wambeti akasimama. Marigu lilikuwa jina la mama yake Ndwiga. Alipolisikia kwenye filamu alidhani ni utani wa kawaida. Sasa akakumbuka jambo ambalo kila mtu wa Embu anajua: binti wa kwanza wa mwanamume huitwa jina la mama ya huyo mwanamume, na wa pili jina la mama ya mke.

Kesho yake asubuhi alimkuta Ndwiga katika chumba chake cha kurekodia nyuma ya poshomili ya kusagia unga, magodoro yamepigiliwa ukutani kuzuia kelele.

"Marigu ni nani?"

"Si ni mama yangu, unamjua."

"Nauliza yule wa maziwa."

Ndwiga akazima mashine.

"Ako na miaka saba," akasema. "Anaishi Gachoka na nyanya yake wa upande wa mama. Mama yake aliolewa Mwea. Ilikuwa kabla yako, Wambeti. Kila siku nilisema nitakuambia, halafu naona unacheka, naacha."

"Kwa hivyo ukaambia Runyenjes yote kwanza."

"Nilitaka kujua utasemaje."

"Nilisema kuhusu mzee wa theluji! Ulinipa mtihani bila kuniambia niko darasani, halafu ukanifelisha."

"Ulisema utafunga mlango."

"Maoni ya filamu ni ya filamu. Ukitaka yangu, unakuja unakaa mbele yangu, unaniuliza." Akamsogelea. "Nimekupenda na mdomo wangu huu huu, Ndwiga. Uliuogopa hivyo kwa nini?"

Ndwiga akainamisha kichwa. Wambeti akafuta macho kwa mkono, akachukua mkoba wake.

"Twende Gachoka."

"Leo?"

"Mimi sihukumu filamu ambayo sijaiona."

Walimkuta msichana uani akiambua pojo. Mdogo, macho makubwa, kidevu cha Ndwiga kabisa. Alimsalimia baba yake, kisha akabaki akimkodolea Wambeti macho.

"Shikamoo. Ni wewe wa maoni?"

"Umenijuaje?"

"Sauti. Baba hunichezea kwa simu. Ulisema mbuzi wako na minyoo."

"Na wewe uliwaonaje?"

"Wako na minyoo," Marigu akakubali. Akaambua ganda moja, la pili. "Lakini ulisema ungemfungia mzee mlango na mtoto wake. Sasa huyo mtoto angelala wapi?"

Ndwiga akaangalia pembeni. Wambeti, ambaye hakuwahi kukosa la kusema juu ya filamu yoyote, aliweka mkoba chini. Akavuta kigoda, akakaa, akaanza kuambua pojo na yeye.

"Hapo sikufikiria," akasema mwishowe. "Maoni yangu yalikuwa mabaya hapo."

Jioni kundi la Runyenjes lilipata sauti mpya: "Nimerudia filamu ya mbuzi. Nabadilisha maoni. Mlango unafunguliwa. Mtoto anaingia kwanza, anakula, anapewa pa kukaa. Mzee anabaki nje kidogo, ajieleze."

Watu wakajibu kwa vicheko, bila kujua wanacheka nini. Ndwiga peke yake aliandika: "Jumamosi tunakuja. Tuko wawili na wazee."

Na Jumamosi ilikuwa hivyo hivyo. Wageni walipofika langoni, Wambeti alitoka, akamshika Marigu mkono, akaingia naye ndani. Ndwiga alipoinua mguu amfuate, akazuiwa.

"Wewe mueleze mama kwanza."

Mama Igoki, mamake Wambeti, alisikiliza yote akiwa amesimama langoni, mikono nyuma. Aliuliza maswali makali, na Ndwiga akajibu kila moja, jasho likimtoka, wazee wake wakiangalia viatu vyao. Mwishowe mama akageuka kumtazama mtoto, aliyekuwa tayari na kikombe cha uji mkononi.

"Anaitwaje?"

"Marigu," Ndwiga akasema.

"Kwa hivyo jina la mama yako limeshapata mtu."

"Ndio, mama."

Mama akatafakari, akahesabu jambo fulani kichwani, na uso wake ukafunguka polepole.

"Basi binti atakayefuata ni mimi," akasema, na akasukuma lango. "Ingieni, chai inapoa."