Kabla Hawajaonja

Uliza Bigwa nzima nani bingwa wa kufuga nyoka, hata mbwa atakuonyesha kwangu. Mimi Mikidadi niliwahi kumpiga chatu kofi akaomba radhi. Kwa hiyo usidhani nasimulia haya kwa uoga.

Jioni ile tulikuwa tunaanua matanga ya binti yangu Hidaya. Mama mkwe aliteremka kutoka Matombo kumchukua Shadya, pacha aliyebaki. Kwao pacha huondolewa nyumbani kabla hajaonja wali wa matanga. Akiuonja, amekula sahani moja na marehemu.

"Mama, ngojeni kidogo," nikasema. "Nikirudi dukani nitawasindikiza stendi."

Msiba ni wetu, nyoka hawaujui. Wachanga wangu walikuwa wamejivua gamba la kwanza asubuhi. Kabla ya hapo unaweza kuwaacha pamoja. Wakishajivua, kila mmoja na kopo lake, kabla hawajaonja nyama. Ukichelewa, mmoja anammeza mwenzake. Nilianza na wawili waliotoka yai moja, makopo yakaniishia.

Giza lilikuwa linateremka Uluguru nilipofika dukani kwa Pravin kununua makopo mengine.

"Pole na msiba, bwana," alisema. "Lakini kila nyoka na chumba chake? Mimi nalala na watoto watatu kitanda kimoja!"

"Wako hawamezani, Pravin."

Akacheka. Basi mdomo ukaniwasha. Nikampa ile ya chatu na kofi. Nikampa na ya koboko wa Kisaki. Adhana ya magharibi ikalia... nikaongeza nyingine.

Nilirudi mbio. Uani wanawake walikuwa wanaosha masufuria. Mke wangu Maimuna alikuwa anaita, "Shadya! Shadya we!"



Nikaingia chumba cha nyoka. Harufu ya wali wa nazi... na nyingine, ya udongo uliochimbwa.

Kwaruu... kwaruu...

Mtoto amekaa sakafuni gizani, anakwangua sahani kwa vidole. Makopo yangu mawili yako wazi. Mapajani kwake amejiviringisha nyoka mmoja tu, amevimba. Mdomoni mwa nyoka huyo umening'inia mkia wa mwenzake.

Ulikuwa bado unacheza.

"Walikuwa wanaliliana," alinong'ona. "Nikawarudisha pamoja."

"Shadya... umekula?"

Akainua uso. Akatabasamu.

"Chatu, mbona umechelewa?"

Makopo yakanitoka mikononi. Shadya huniita baba. Aliyekuwa akiniita Chatu ni mmoja tu, na nilimshusha kaburini kwa mikono yangu.

Mama mkwe alikuja na taa. Akaitazama sahani, akakitua kifurushi cha nguo.

"Mwanangu," aliniambia taratibu, "sasa nimchukue yupi?"

Kulipokucha alipanda Matombo peke yake.

Daktari anasema ni huzuni, watoto huigana. Labda. Maimuna ameacha kuuliza. Tukiita Shadya, hakuna anayeitika. Tukiita Hidaya, anakuja anarukaruka, na moyo wangu, Mungu anisamehe, unaruka naye.

Akishalala ndipo naweka sikio tumboni kwake. Mimi niliyempiga chatu kofi, natetemeka kama jani. Kwa mbali, chini kabisa, kuna sauti ndogo...

"Baba... baba..."