Mkono wa Mzee Mwalongo

Mji wa Makambako haukuwa na chai iliyotulia. Ukimimina chai kikombeni, uwe sokoni au sebuleni kwako, uso wake ulijichora viduara vidogo visivyokwisha. Upande wa mashariki wa mji vilisimama vihenge arobaini vya unga, virefu kama jengo la ghorofa kumi na mbili, na vilitetemeshwa mchana na usiku, mtetemo ukasafiri ardhini mpaka kwenye meza za watu. Wageni walidhani ni tetemeko wakakimbilia nje. Wenyeji waliwacheka, ingawa wao nao walikuwa na kituko chao: mtoto wa Makambako akipelekwa kwa bibi yake Ludewa, alikesha akilia kwa sababu kitanda kimetulia mno.

Tangu mvua zilipoanza kukosa majira, nyanda zote za kusini zilikula kutoka kwenye vihenge hivyo. Unga wa mahindi, wa mtama na wa muhogo ulishuka ndani ya faneli kubwa la chuma, ukapita kwenye koo, ukasukumwa kwa bomba la hewa hadi Iringa, Mbeya na Songea. Ila unga una ukaidi wake. Ukikaa sana hushikana, ukajenga tao juu ya koo: chini panakuwa peupe, na juu tani mia tatu zimening'inia zikisubiri sababu ya kuanguka. Ndiyo maana kila faneli lilifungwa vitetemeshi vinne. Hivyo ni mota zenye vyuma vizito vilivyoelemea upande mmoja, ambavyo vikizunguka huutikisa ukuta mpaka unga ukubali kushuka.

Zamani mtu ndiye aliyeviwasha. Siku hizi viliwashwa na Kiganja. Kiganja kilikuwa ngozi ya kijivu, nyembamba kama ganda la kitunguu, iliyobandikwa juu ya kuta zote za vihenge, na nyuma yake kulikuwa na akili ya mashine iliyosikiliza kila mtikisiko. Kilijua unga unatiririka, umeganda au umekwisha. Kiliwasha kitetemeshi pale tu ilipobidi, kwa maana kuutetemesha unga usio na pa kutokea ni kuushindilia, kama mchuuzi anavyogonga debe ili mahindi yazidi kuingia. Kiganja kilipokuja, mizani za vihenge zilitolewa. Ngazi ambazo watu walipanda na taa kwenda kuchungulia juu zilikatwa, zikauzwa chuma chakavu. Kulikuwa na haja gani tena?

Jumanne moja, saa nne asubuhi, taa ya kijani iliwaka kwenye kihenge cha kumi na saba, na sauti tulivu ikasema, "Kihenge ni kitupu. Ruhusa ya kuingia imetolewa."

Chini ya faneli walisimama mafundi sita, lakini hakuna aliyesogea. Walimgeukia Mzee Obeti Mwalongo, fundi mkuu wa vitetemeshi, mwenye miaka hamsini na saba, thelathini na mbili kati ya hiyo akiwa ameimaliza kwenye kuta hizo. Hii ilikuwa desturi yao kabla ya Kiganja, na walikataa kuiacha. Hakuna fundi aliyeingia ndani ya kihenge kabla mkubwa wao hajaweka mkono ukutani na kusema neno.

"Tunakusubiri wewe, mzee," alisema Subilaga Mwakalinga, aliyekuwa wa kuingia siku hiyo. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minne, mfupi, mwenye mdomo usiokaukiwa na utani. "Mashine imeshasema. Sasa tumsikie mwalimu wake."

Wenzake wakacheka. Ni kweli, Mzee Mwalongo ndiye aliyekuwa mwalimu wa Kiganja. Miaka mitatu nyuma Inhinia Agripina Kahangwa alikuja kutoka Dodoma na glavu nyembamba yenye nyuzi za fedha. Alimvalisha, akamzungusha vihenge vyote kwa miezi kumi na mmoja. Mzee aliweka mkono ukutani, akasema "unatiririka", au "umeganda", au "kitupu", na ngozi ya kijivu ikasikia mtikisiko uleule ikalihifadhi neno lake. Vipimo elfu kumi na moja. Mkono ule, magazeti yaliandika, ulikuwa hazina ya taifa.

Mzee Mwalongo akavua glavu ya kazi, akaweka mkono wake wa kulia kwenye chuma.

Hakusikia kitu.

Hakusikia kitu kwa sababu mkono huo ulikuwa umekufa. Ulianza na vidole kuwa vyeupe asubuhi za baridi, na Makambako ina baridi ya kutosha. Kisha ganzi ikapanda hadi kwenye kifundo, na mkono wa kushoto ukafuata. Ni ugonjwa wa mafundi wa vitetemeshi. Mtetemo unakula mishipa polepole, mwaka baada ya mwaka. Daktari wa kazini angemtoa siku hiyohiyo, kwa hiyo alijifunza kumdanganya daktari. Huu ulikuwa mwaka wa nne. Inhinia alipomvalisha ile glavu, mkono ulikuwa umeshakufa karibu mwaka mzima.

Lakini angesemaje? Alikuwa ameitwa mbele ya watu wote. Akajiambia kwamba masikio yake yatatosha, na kwa mahindi na mtama yalitosha kweli, maana unga wake ukishuka huguna. Unga wa muhogo hausemi. Kwenye vihenge vya muhogo alibahatisha. Aliweka mkono, akatulia kidogo kama mtu anayesikiliza, akasema "unatiririka", akasema "kitupu", na mashine ikaamini kila neno.

Kihenge cha kumi na saba kilikuwa cha muhogo.

Sasa, ukuta wa kihenge kitupu haumpi mtu kitu mkononi. Na mkono uliokufa hauleti kitu pia. Kwa Mzee Mwalongo mambo hayo mawili yalifanana sawasawa.

"Ingia, mwanangu," alisema.

Subilaga akafunga mshipi wake, akaingia kwa mlango mdogo wa pembeni, kwenye giza ambalo tochi yake haikulifikia juu. Kazi ilikuwa ya kawaida. Ukuta ulikuwa umepata ufa pale kitetemeshi cha tatu kilipofungwa, hivyo walitaka kuweka bamba la kuuimarisha ndani na nje kabla ya kufunga kitetemeshi kipya. Bolti nne zingepita ukutani. Subilaga angeshika nati kwa ndani, mzee angekaza kwa nje. Hawakuweza kuonana, basi walizungumza kwa spana: pigo moja ni kaza, mapigo mawili ni simama.

Pigo moja. Mzee akakaza bolti ya kwanza.

Ukuta ukajibu, na masikio yake, ambayo bado yalikuwa mazima, yakalisikia jibu hilo. Chuma cha faneli tupu hulia, kikavuta sauti kwa muda. Hiki kilisema *dup*, kikanyamaza, kama mlango wenye mtu mgongoni.

Alisimama na spana mkononi. Pengine ni bamba jipya, aliwaza. Bamba huzima sauti. Taa ilikuwa ya kijani. Neno alikwisha kulisema mbele ya watu sita, na kulirudisha kungetaka maelezo, na maelezo yangefika kwenye mkono. Aliogopa. Tusimpambe: aliogopa aibu kuliko alivyoogopa ukuta ule.

"Mzee, umelala?" sauti ya Subilaga ilitoka mlangoni, ikicheka. "Mimi huku nanuka muhogo kama nimechumbiwa na kinu."

"Endelea," alisema.

Pigo moja. Bolti ya pili. Pigo moja. Bolti ya tatu.

Wakati huo Kiganja kiliona unga wa kihenge cha kumi na nane umeanza kuganda, kikawasha vitetemeshi vyake, kama kilivyofanya mara nyingi kila siku. Vihenge hivyo viwili vilikaa juu ya fremu moja ya chuma. Mtetemo ukavuka.

Hakukuwa na mlio mkubwa. Kulikuwa na mguno mmoja mzito, kisha vumbi jeupe likatoka mlangoni polepole, likawafunika viatu. Mshipi wa Subilaga ukavutwa ndani mita mbili ukakaza.

Mzee Mwalongo aligonga ukuta mara mbili, akasubiri. Akagonga tena.

Walichimba kwa saa tatu. Yeye alikuwa wa kwanza kuingia na wa mwisho kutolewa. Alichimba kwa mikono mitupu, akichota unga na kuutupa nyuma, mpaka kucha tatu zikang'oka, na hakujua mpaka alipouona unga umegeuka mwekundu. Walipomfikia Subilaga alikuwa bado ameshika nati ya nne.

Msiba ulikuwa kwenye kota za wafanyakazi, chini kabisa ya vihenge, kwa mama yake. Mama Subilaga alikuwa mjane, na Subilaga alikuwa mtoto wake wa pekee aliyebaki. Alikaa kwenye mkeka akipokea mikono ya watu. Mzee Mwalongo alipofika siku ya Ijumaa, vidole vimefungwa bandeji, waombolezaji walimpisha njia. Habari za kuchimba kwake zilikuwa zimemtangulia.

"Ahsante kwa mwanangu, baba," mama alisema. "Wameniambia ulivyohangaika."

Wakampa kiti karibu na mlango, jirani na Inhinia Kahangwa, ambaye macho yake yalikuwa mekundu.

"Nimekikagua Kiganja siku mbili, mzee," inhinia alimwambia kwa sauti ya chini. "Hakina hitilafu hata moja. Kimefanya kama kilivyofundishwa. Miezi yote hii kilikuwa kinasoma kwamba ule muhogo unashuka, kumbe kinaushindilia, mpaka kikaamini umekwisha. Na mkono wako nao ulikubaliana nacho. Basi niandike nini? Bahati mbaya?"

"Sijui, inhinia."

"Tuna vihenge mia mbili na kumi na viwili nchini vyenye ngozi hii. Nakuomba, msiba ukiisha, uvae glavu tena. Tukifundishe upya, muhogo peke yake. Hakuna mkono mwingine ninaouamini."

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema kifo cha nani. Mzee Mwalongo alitazama chini, akaona mlango umemfungukia: akubali tu, avae glavu, na hakuna mtu duniani atakayejua.

"Sawa," alisema.

Wanawake wakapitisha chai, imetoka motoni sasa hivi, kwenye vikombe vya bati. Watu walivipokea kwa ncha za kanga na pindo za mashati, wakaviweka chini haraka wakipuliza vidole. Mzee Mwalongo alipokea chake kwa mikono yote miwili, akakikumbatia, akaendelea kutazama sakafu. Alikaa hivyo kwa muda mrefu.

"Baba Mwalongo." Ilikuwa sauti ya Mama Subilaga. "Hiyo chai haikuunguzi?"

Akainua macho. Mama hakuwa akimtazama usoni. Alikuwa akitazama viganja vyake, pale bandeji zilipoishia. Naye akatazama. Ngozi ilikuwa imeiva nyekundu kuzunguka bati, na karibu na kidole gumba lengelenge lilikuwa limeanza kuvimba. Mazungumzo ya jirani yakakatika.

"Kila asubuhi nilikuwa namwambia, mwanangu, mimi hiyo mashine naiogopa," mama alisema taratibu, kama anayehesabu hatua. "Ananijibu, mama, kwani mimi naitegemea mashine? Haingii mtu mpaka Mzee Mwalongo aweke mkono." Akanyoosha kidole. "Mkono gani? Huo?"

Angeweza kusema ni majeraha, ni dawa ya hospitali. Maneno yalikuwepo, yamejipanga.

"Ndio huu," alisema. "Umekufa, mama. Mwaka wa nne sasa. Sikusikia kitu. Siku ile sikusikia kitu, na siku zote nilizovaa glavu sikusikia kitu." Kisha akajilazimisha kumalizia. "Nilipokaza bolti, masikio yaliniambia. Nikaogopa kusema."

Mama Subilaga alisogea kwa magoti hadi kwenye kiti chake, akavibandua vidole vyake kimoja kimoja kutoka kwenye kikombe, kwa upole, kama anamhudumia mgonjwa, akakiweka kikombe sakafuni kati yao.

Inhinia Kahangwa alikuwa amesimama. Alitoka hadi barazani, na watu wa ndani wakamsikia akiongea na simu. "Vyote. Mia mbili na kumi na viwili. Najua watu watalala njaa. Nimesema zima vyote, na asiingie mtu popote."

Baada ya dakika chache mzee mmoja aliinua kichwa, kisha mwanamke aliyekuwa jikoni akatoka, ametoa macho, hajui kilichomshtua. Kwenye kikombe kilichokuwa sakafuni viduara vilipungua, vikawa vichache, vikakoma. Chai ilitulia.

Mama Subilaga aliitazama.

"Ungesema Jumanne, baba," alisema.