Mwanamke wa Kwenye Tangazo

Rafiki yangu Sulaiman, fundi cherehani wa Nengo, si mtu wa kuzua mambo. Siku hiyo alikuwa amefunga mlango na dirisha vya kibanda chake kwa ajili ya mvua, akitafuta kwenye simu mitindo ya mikono ya gauni la arusi la mteja wake Umuhoza. Kila akigusa picha, tangazo linamrukia usoni: mwanamke aliyempa mgongo. Analifunga, linarudi. Analifunga tena, linarudi na muziki juu!

"Toka, we mwanamuke! Mi natafuta mikono ya robe, hapana mugongo yako! Nani alikuita?"

Ndipo akalitazama vizuri. Mwanamke amevaa gauni la Umuhoza, bado halina mikono, pini zimo mabegani. Na lile gauni lilikuwa limetundikwa palepale kibandani, nyuma ya pazia la kujaribia nguo. Kwa mafundi wa kwetu, gauni la arusi halivaliwi na yeyote kabla ya mwenyewe.

Akazima simu. Umeme nao ukakatika. Gizani muziki haukunyamaza; ulitoka nyuma ya pazia, pamoja na mchakacho wa kitambaa.

Sulaiman akalivuta pazia kwa ghadhabu. Hapakuwa na mtu. Akapapasa gauni: makwapani lilikuwa limelowa jasho, na jasho lenyewe bado la moto.